Kuonja Si Kula

Jumamosi ya saba mizani ilipanda. Haikupanda sana, nusu kilo tu, lakini kwa mtu ambaye ukoo mzima unamngoja apungue, nusu kilo ni gunia. Kijiko alishuka kwenye mizani ya duka la dawa, akavua kandambili, akavua na saa ya mkononi, akapanda tena. Tisini na tano na nusu. Muuza dawa akajifanya anapanga chupa za dawa ya kikohozi.

"Hii mizani yako nzima kweli?"

"Nzima, mama. Jana nimempimia mtoto mchanga."

"Mimi na mtoto mchanga wapi na wapi!"

Alipiga picha ya ile namba, maana ndivyo walivyokubaliana, akaituma kwenye kundi la familia kabla moyo haujageuka. Kisha akatoka nje, akasimama pembeni mwa mlango, akawa anahamisha mkoba bega moja hadi jingine. Hakungoja sana. Wa kwanza alikuwa Shangazi, kama kawaida yake. "Mwanangu, umepanda au picha ndiyo imepinda?" Akafuata binamu mmoja ambaye hata msibani huonekana kwa nadra, akauliza kama ule mkate wa Jumatano ulikuwa kipande kimoja au viwili. Halafu wakaja wengine, kila mmoja na ushauri wake, na ndugu wakishaanza kukupenda kwa pamoja ujue huna pa kujificha.

Yafaa kueleza jinsi mwanamke mzima, mpishi mkuu wa kantini inayolisha watu mia mbili na ishirini, alivyofikia kuhesabiwa vipande vya mkate na binamu.

Kijiko alikuwa na mdogo wake wa kiume, fundi saa. Baba na mama walishatangulia, na katika tumbo lile walibaki wao wawili. Fundi alianza kuvimba miguu, akasema ni viatu. Akavimba uso, akasema ni usingizi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na alipokubali kwenda kupimwa figo zote mbili zilikuwa zimeshachoka, akafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu siku tatu kila wiki. Daktari akasema dawa ya kweli ni figo ya ndugu. Shangazi alikuwa mzee mno. Binamu waligundua ghafla kwamba wana safari. Kijiko akapimwa, na damu yake ikakubaliana na ya mdogo wake kwa kila kitu. Kilichokataa ni mwili.

"Kwa uzito huu sikupasui," daktari alimwambia. "Dawa ya usingizi peke yake inaweza kukuondoa. Una kilo tisini na sita. Niletee themanini na nne. Nakupa miezi minne, kwa sababu moyo wa ndugu yako nao umeanza kuchoka."

Shangazi ndiye aliyebuni dawa ya kilo kumi na mbili. Alisema mtu akila peke yake hujidanganya, lakini akila mbele ya watu huona haya. Kwa hiyo Kijiko angeandika kwenye daftari kila kinachopita mdomoni, na kila jioni angepiga picha ukurasa na kuutuma kwenye kundi wausome wote, watu thelathini na mmoja. Kila Jumamosi angetuma na mizani. "Bandu bandu huisha gogo," Shangazi aliandika siku ya kwanza, na gogo lenyewe likaisoma sentensi hiyo mara mbili.

Na aliandika. Chai bila sukari, yai moja. Wali vijiko sita, maharage, kabichi. Supu ya mboga, nusu bakuli. Siku aliyookota karanga tatu kwenye meza ya jirani, aliziandika zote tatu, Shangazi akamjibu kwamba karanga haziokotwi. Wiki ya kwanza alipungua kilo moja, kundi zima likapiga vigelegele vya maandishi. Baada ya hapo mizani ikagoma. Wiki ya pili, ya tatu, ya nne, hadi ya sita, ileile tisini na tano. Sasa imepanda.

Alikuwa bado amesimama pale nje ya duka la dawa, ujumbe wa mke wa Fundi ulipoingia. Haukuja faraghani. Uliingia mbele ya wote.

"Wifi, mimi si msemaji. Ila mtu anayekula hivi unavyoandika angekuwa ameshapungua. Kama hutaki kutoa, sema tujue, tutafute njia nyingine, usitucheleweshe. Njia ya mwongo ni fupi."

Kijiko alingoja mtu mmoja aseme, "Jamani, hapana." Alama zilionyesha ishirini na saba wameshasoma. Hata Shangazi, ambaye simu yake haijui kupumzika, alikaa kimya.

Iliuma. Iliuma zaidi kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelijua. Ile dakika ya kwanza aliyoiona namba kwenye mizani, kabla aibu haijamfika, kifuani kilimpita kitu kama pumzi ya kushukuru. Wiki moja zaidi bila kisu. Kilipita haraka, kama mtu anayekatiza mlangoni, lakini alikiona, na akajichukia palepale. Basi akatembea kwa miguu hadi nyumbani, vituo vinne, akijiuliza kama wifi yake amemsoma vizuri kuliko yeye anavyojisoma. Kila kitu alichokula alikiandika. Uongo uko wapi? Na kama haupo kwenye daftari, upo wapi?

Jumatatu aliingia jikoni bado na swali hilo.

Kantini ya kiwanda cha sabuni ina majiko tisa, na majiko tisa yana sufuria tisa, na sufuria zote zilikuwa za Kijiko. Jina lenyewe alilipata humo, kwa sababu ya kijiko cha chuma cha mpini mrefu kisichotoka mfukoni mwa aproni yake. Mzee aliyemfundisha kazi alimwachia sheria moja: kila sufuria huonjwa mara tatu, viungo vinapokaangwa, inapochemka, na kabla ya kupakua. Na huonjwa kijiko kizima, na humezwa, kwa sababu chumvi ya kweli husikika kooni, ulimi ni mwongo. Halafu mzee alikuwa akiongeza, "Na kuonja si kula. Nisisikie mtu anasema ameshiba kwa kuonja." Miaka kumi na minne Kijiko aliitii sheria hiyo. Alikuwa anakula saa nane, wafanyakazi wote wakishakula, na chakula chake kilikuwa kile cha saa nane.

Saa nne asubuhi alikuwa kwenye mchuzi wa nyama, akasikia mlango wa kupokelea mizigo ukifunguliwa. Mke wa Fundi alikuwa amesimama pale na mkoba wake wa hospitali, chupa ya maji ikichungulia. Alikuwa ametoka kumfikisha mumewe hospitali, angoje zamu yake ya mchana kwenye mashine.

"Nimekuja tuongee," akasema. "Jumamosi niliandika kwa hasira." Halafu macho yakatua mkononi mwa wifi yake. "Hicho ni nini?"

"Kipi?"

"Ulichomeza sasa hivi."

"Mchuzi. Naonja."

"Umeuandika?"

Kijiko akacheka, kicheko cha mtu aliyeulizwa kama samaki anaoga. "Wifi, kuonja si kula. Muulize mpishi yeyote."

"Kweli kabisa, dada," akadakia msaidizi wake, kijana waliyemwita Chumvi kwa sababu mkono wake haukujua kipimo. "Hiyo ni kazi, si chakula."

"Mimi si mpishi," mke wa Fundi akasema. "Mimi ni mke wa mgonjwa. Nimeona mtu akimeza mchuzi, na jioni nitasoma daftari ambalo halina mchuzi."

Damu ikampanda Kijiko. Kuitwa mwongo kwenye simu ni jambo moja, kuitwa mwongo mbele ya sufuria zako ni jingine. Akavuta bakuli la kuchanganyia saladi, akalibwaga mezani.

"Haya. Nianze na nilivyoonja tangu alfajiri, navikumbuka vyote. Na kuanzia sasa kila nikimeza kijiko, naweka kingine kama hicho humu ndani. Saa nane napiga picha. Hakitafunika hata kitako cha bakuli, ndipo utaniomba radhi."

"Uitume kwenye kundi."

"Huko huko uliponisemea, huko huko nitakapojibia."

Mke wa Fundi akaondoka bila kuaga. Kijiko akaweka bakulini uji vijiko vitatu, chai ya maziwa vitatu, maharage viwili, mchuzi wa nyama viwili. Chumvi akaona mchezo mzuri, akawa anahesabu kwa sauti kama mtangazaji wa mpira.

Saa tano kitako cha bakuli kilikuwa hakionekani. Chumvi akapunguza sauti. Kijiko akasema ni bakuli lenyewe dogo, akaendelea. Viazi, samaki, kabichi, wali. Saa sita, wakati wa kurekebisha, kila kitu kilionjwa tena. Na hapo ndipo alipoanza kuuona mkono wake, maana miaka yote alikuwa akiutumia bila kuutazama. Ulikwenda kwenye maharage. Alishayaonja maharage mara tatu, hayakuwa na tatizo lolote, ila alikuwa amekumbuka jinsi Fundi anavyopangusa midomo kwa kitambaa chenye maji kwa kuwa haruhusiwi kunywa atakavyo, na mkono ukaenda wenyewe. Akaweka kijiko bakulini. Dakika chache baadaye akawaza kisu, mkono ukaenda kwenye nyama. Akaweka kingine. Hakuwa anaonja kwa sheria ya mzee peke yake. Kila alipotishika, alionja. Na tangu mdogo wake augue, alikuwa anatishika kutwa.

"Arobaini na saba," Chumvi akasema polepole saa nane ilipokaribia, na hakutangaza tena.

Bakuli lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa sote shuleni, lakini kibaba cha Kijiko kingeshibisha wanaume wawili wa kupakia sabuni. Hicho ndicho alichokuwa akila kila siku, siku sita kwa wiki, kisha anakaa mezani saa nane na vijiko vyake sita vya wali, akijionea huruma.

Simu ikalia. "Saa nane imefika, wifi."

Akamtuma Chumvi stoo akalete sahani. Alipobaki peke yake alichukua upawa, akachota mara moja, mbili, tatu, nne, akamwaga kwenye ndoo ya makombo. Bakuli likawa la heshima, kidogo chini ya nusu. Akainua simu. Kwenye kioo aliona alama ya mafuta, mstari mwekundu ukizunguka ukingoni, ukionyesha chakula kilikuwa kimefika wapi. Akachukua kitambaa.

Alisimama na kile kitambaa mkononi. Ilikuwa kazi ya sekunde tatu. Futa, piga, tuma, na wifi ataomba radhi mbele ya thelathini na mmoja. Kisha Jumamosi mizani itagoma tena, na ijayo, na miezi minne itakwisha, na Fundi atakufa akiwa na dada mwaminifu. Yeye peke yake ndiye atakayejua habari ya kitambaa. Atakula nayo na kulala nayo. Akatupa kitambaa, akachota upya kutoka kwenye sufuria, akajaza bakuli hadi kwenye ule mstari, akapiga picha.

"Hiki ndicho nilichoonja leo kuanzia asubuhi hadi saa nane," akaandika. "Ndivyo ninavyofanya kila siku, na sijawahi kukiandika hata mara moja. Sikujua kuwa nakula. Lakini daftari langu lilikuwa la uongo kwa wiki saba. Wifi, nisamehe."

Shangazi akawa wa kwanza kuandika, "Mwanangu! Hiyo si kuonja, hiyo ni harusi." Wakaanza kucheka, na binamu akauliza ile rangi nyekundu ni nyanya au pilipili. Mke wa Fundi hakuandika kitu. Kijiko akavua aproni, akamwambia Chumvi afunge jikoni mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe, akaelekea hospitali.

Mke wa Fundi alikuwa kwenye benchi la koridoni. Walitazamana. Kijiko alikuwa amejitayarisha kwa maneno makali, hata njiani alikuwa ameshayajibu mawili matatu, lakini mwenzake alisimama tu, akaning'iniza mkoba begani.

"Kaa naye kidogo," akasema. "Mimi sijanywa hata chai tangu asubuhi." Na kwa hivyo wakawa wamesameheana, maana mke wa mgonjwa hamwachii mtu asiyemwamini mgonjwa wake.

Ndani kulikuwa na vitanda sita na mashine sita, kila moja ikivuma taratibu. Fundi alikuwa kitanda cha dirishani, mkono umenyooshwa, mirija miwili ikitoka na kurudi.

"Nimeona bakuli," akasema. "Maharage yalikuwa yameiva vizuri."

"Usinichekeshe, mimi nimekuja kulia."

"Mimi husoma daftari lako lote, hujui tu. Hapa napimiwa maji kwa kikombe. Nikisoma wali na maharage nafumba macho, nakuwa kama nimekula." Akautazama mrija. "Dada, nikwambie kitu, usinipige?"

"Mwenye mirija hapigwi."

"Kila Jumamosi mizani ikigoma, mimi nafurahi."

Kijiko akainua kichwa.

"Kweli tena. Mke wangu analia, Shangazi anapiga simu, mimi najifunika shuka nashukuru. Nikifikiria wanakupasua wewe, mzima, kwa ajili yangu. Halafu labda hiyo figo ikatae. Tukose vyote, na wewe ubaki na kovu. Naona bora nibaki hapahapa na mashine yangu, hata kama ni kwa muda mfupi."

Kile kitu cha Jumamosi kilikuwa kimepanda hadi kooni, na safari hii hakikuwa na pa kupita.

"Na mimi nilishukuru," akasema. "Juzi, kwenye mizani. Kidogo tu. Naogopa kisu, Fundi. Naogopa kulala nisiamke. Nimekuwa nakula woga wangu kwa kijiko, halafu naandika kabichi."

Fundi alimtazama, midomo yake mikavu ikaanza kucheka, na dada yake akaanza kulia, na muuguzi akachungulia kuona kulikoni. Wakatulia kama watoto walioshikwa.

"Basi sema umeshindwa," Fundi akanong'ona. "Tangaza leo. Nitawaambia mimi ndiye niliyekataa. Hakuna atakayekugusa, nakuapia."

Na angeweza. Hapo ndipo penye ugumu wa hadithi hii, tusidanganyane. Mgonjwa mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango, hakuna ndugu ambaye angemlaumu, na miguu yake ilikuwa inataka kutoka. Akatazama damu ya mdogo wake ikitoka nje ya mwili wake, ikizunguka ndani ya chombo, ikirudi. Muda wa saa nne kila kikao. Aliona jinsi shingo ilivyokonda, jinsi mifupa ya mkono ilivyoanza kuhesabika, mkono wa mtu aliyekuwa akishika skurubu ndogo kama punje ya ufuta bila kutetemeka.

"Ulipokuwa na miaka sita ulikataa dawa ya homa," akasema. "Nikakuziba pua ukaimeza."

"Ukanipiga na kofi."

"Nikakupiga na kofi. Sikukuuliza kama unataka. Na leo sikuulizi."

"Na wewe je? Nani atakuziba pua?"

"Mimi nitaogopa hivyohivyo, mpaka mlangoni. Tutaogopa wote wawili."

Kesho yake alitoa kijiko mfukoni, akamkabidhi Chumvi. Msaidizi akarudi nyuma kama aliyepewa kaa la moto.

"Mkuu, mimi? Watu watakufa kwa kiu!"

"Watajifunza kunywa maji. Utaonja wewe, utaniambia, nami nitakuambia la kufanya."

Siku ya kwanza wafanyakazi waliuliza kama jikoni kumeingia bahari. Siku ya pili Chumvi alikuwa ameogopa, akapika kabichi isiyo na kitu, wakauliza nani ni mgonjwa. Meneja alishuka mwenyewe kutoka ofisini, akaonja, akakunja uso, akamuuliza Kijiko kama amechoka kazi. Kuacha kuonja ni neno rahisi kusema, lakini mjue kwamba mpishi mkuu asiyeonja ni sawa na fundi saa aliyefungwa kitambaa machoni. Alizunguka kutoka sufuria hadi sufuria, akinusa, akisikiliza mchemko, akitazama rangi, huku mkono ukienda mfukoni na kukuta hakuna kitu. Alisugua sufuria ambazo zilishasuguliwa. Alipanga sahani, akazipangua. Usiku Shangazi alisoma kwenye daftari, "Kuonja: hakuna. Hasira: nyingi," akajibu kwamba hasira hainenepeshi.

Wiki ya tano ya utaratibu ule, mpakiaji mmoja alimshika mkono kumsifia supu. Supu haikuwa yake, ilikuwa ya Chumvi, tangu viungo hadi chumvi. Ilimuuma kuliko njaa. Akamsukuma Chumvi mbele apokee sifa zake.

Lakini mizani ikashuka. Tisini na tatu, tisini na mbili. Akaacha kupanda gari kwenda kazini, akatembea, maana kukaa kitako kulimshinda. Themanini na tisa. Themanini na saba, na nguo zikaanza kumpwaya. Kila Jumamosi kundi lilisherehekea, na kila Jumamosi Kijiko alirudi nyumbani akiogopa zaidi, kwa kuwa sasa kila kilo iliyoondoka ilimsogeza karibu na ile meza, na hakuwa na kijiko cha kuzibia.

Mwezi wa nne ulipokwisha alisimama mbele ya daktari. Themanini na nne na robo. Daktari alitazama, akatazama tena kwenye faili, akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Robo sikudai. Alhamisi ya wiki ijayo. Mtalazwa wote Jumatano."

Kijiko akasema ahsante. Akatuma tarehe kwenye kundi palepale koridoni, akarudi nyumbani, akafunga mlango. Simu ililia njia nzima. Dua, vigelegele, Shangazi akilia kwa sauti iliyorekodiwa, binamu akiahidi kuja. Mke wa Fundi aliandika neno "wifi" tu, mara tatu mfululizo, basi.

Mchana alijipakulia chakula chake, wali vijiko sita na maharage, akaketi. Akatia kijiko cha kwanza mdomoni. Kikakaa. Alitafuna, akatafuna tena, koo likakataa kufunguka. Akakitema. Akajaribu cha pili. Alisimama, akaenda dirishani, akarudi, akakaa, akasimama. Alhamisi. Siku nane. Mwishowe akavuta daftari, kwa kuwa alikuwa ameapa hataficha tena kinachopita mdomoni wala kinachokataa kupita.

"Asubuhi sikula. Mchana nimetia vijiko viwili, vyote nimevitema. Siwezi kumeza. Naogopa."

Akapiga picha ukurasa, akautuma.

Vigelegele vikakatika. Aliona alama za waliosoma zikiongezeka, kumi, kumi na tisa, ishirini na sita, na hakuna aliyeandika kitu. Kwa miezi minne watu hawa walikuwa wakimwambia acha hiki, punguza kile, vipande viwili vya nini, na sasa hakuna aliyekuwa na neno la kumwambia. Hata Shangazi alianza kuandika, akaacha, akaanza, akaacha.

Kisha likatokea jina la Fundi, ambaye hakuwahi kuandika humo hata siku moja.

"Kula, Dada."

Na baada ya kitambo, "Na mimi naogopa. Kula."

Kijiko akavuta sahani. Wali ulikuwa umeshapoa. Alikula vijiko vyote sita, kimoja kimoja, machozi yakimtiririka hadi kidevuni, na kila kimoja alikimeza.